Mbali na Nini? Maneno Madogo ya Kiingereza Katika Safari Zetu



Watu wengi wametuuliza kwa nini sisi wa kikundi cha siku ya posho tumemaliza majuma matatu juu ya maneno ya Kiingereza ambayo hata herufi tano hayafikishi: "to", "from", "at", "by". Wanasema: wamama wazima, wengine wana wajukuu, mnakaa kwenye benchi kubishana juu ya neno la herufi mbili, na sombe inaungua jikoni? Ni ulizo la haki. Juma hili tunalijibu.

Jibu la kwanza liko njiani. Mji wetu umekaa kwenye barabara ya taifa namba 1. Toka Lubumbashi mpaka hapa ni kilometa karibu 120. Toka hapa mpaka Kolwezi ni karibu 180. Toka Lubumbashi kushuka mpaka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, ni karibu 90. Mchana na usiku kamyo zinapita na shaba na kobalti, na mashofere wengi si watoto wa hapa. Kuna Wazambia, Watanzania, Wazimbabwe, watu wa Afrika Kusini. Wanasimama kununua ndizi na maji, wanauliza njia. Mtanzania tutaelewana naye, hata akicheka Kiswahili chetu na sisi tukicheka chake. Lakini wengine wanauliza kwa Kiingereza.

Na sisi vilevile tunashuka kwao. Unga tunaosongea bukari mara nyingi umetoka Zambia, na wengi wanaoufuata huko ni wamama. Sokoni kule Kibemba kinatosha, na wengi wetu tunakijua. Lakini karatasi ya dwane, kibao cha barabara, karatasi ya lopitali, ujumbe ambao shofere anaandika kwenye simu, vyote viko kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya Serikali ya Zambia tangu uhuru wao mwaka 1964. Tena, tangu mwaka 2022 nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza kinafanya kazi pamoja na Kiswahili na Kifaransa. Mama asiyeweza kusema mwenyewe mzigo wake uko wapi na unakwenda wapi, analipa mtu wa kumsemea. Na mtu wa kukusemea, kama tunavyojua, hasemi bure.

Jibu la pili liko nyumbani. Watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa, na sekondari wanakutana na Kiingereza. Mwishoni kuna mtihani wa Serikali, ule tunaouita egzeta, na Kiingereza kimo. Mtoto anarudi jioni na daftari, anauliza: "Mama, ni 'near of' au 'near to'?" Mama anayeweza kukaa naye dakika kumi juu ya ulizo hilo amempa mtoto kitu ambacho si pesa, lakini kinabaki.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Vitabu vya shule vinayaita maneno haya vihusishi. Sisi tunayaita maneno madogo. Kwa nini yanatusumbua kuliko maneno makubwa? Hakuna aliyesumbuka kujifunza kwamba "far" ni mbali na "near" ni karibu. Taabu inaanza pale neno hilo linapotaka kushikana na jina la mahali.

Sikilizeni Kiswahili chetu cha kila siku. Tunasema: "Niko ku soko." Tunasema: "Naenda ku soko." Tunasema: "Natoka ku soko." Ni "ku" ileile mara tatu. Anayebaki, anayekwenda na anayerudi, wote wana "ku". Hata yule anayesema Kiswahili cha kitabu, atasema yuko sokoni, anakwenda sokoni, anatoka sokoni, na ile "-ni" ya mwisho haibadiliki. Maana yake ni kwamba kwetu njia inaonyeshwa na kitendo. Nikisema "natoka", umekwisha kujua kwamba nyuma yangu kuna mahali. "Ku" inasema tu kwamba hapa tunataja mahali.

Kiingereza kinagawanya kazi kwa namna nyingine. Kitendo kinafanya nusu, na neno dogo linabeba nusu iliyobaki. Aliye sokoni ni "at the market". Anayekwenda ni "to the market". Anayetoka ni "from the market". Ukikosea neno dogo, umegeuza safari. Kwa hiyo sisi wenye "ku" moja tunapoingia katika Kiingereza tunafika na ufunguo mmoja mbele ya milango mitatu. Si ujinga. Lugha yetu haijatufundisha kuhesabu milango ile, kwa kuwa haikuihitaji.

Kifaransa nacho kinatutegea mtego wake. Tumezoea "loin de" na "près de": "de" moja kwa mbali na kwa karibu. Mtoto aliyelelewa na "de" hiyo ataandika "far of" na "near of". Na aliyelelewa na Kiswahili, ambaye anasema "mbali na" na "karibu na", ataandika "far with" na "near with". Mwalimu akiona makosa hayo mawili anaweza kujua mara moja mtoto anafikiri kwa lugha gani kabla ya kuandika.

Tuwaeleze jambo lililotokea katika kikundi chetu, kwa ruhusa ya mwenzetu mwenyewe. Binti yake ameolewa Copperbelt, upande wa Zambia. Siku moja jioni, tulipokuwa tunakunja mikeka baada ya masomo, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa jirani wa yule binti, kwa Kiingereza. Uchungu wa uzazi umeanza, wametoka nyumbani na gari la kukodi, gari limezimika njiani. Mwisho wa ujumbe kulikuwa na maneno haya: "9 km from home, 2 km to clinic."

Mwenzetu alikuwa na namba mbili tu za watu wa kule. Moja ni ya wifi ya binti, aliyebaki nyumbani kwao. Nyingine ni ya mama mmoja wa kabila letu anayekaa karibu na kliniki. Na inite kwenye simu zilikuwa za kupiga mara moja tu ng'ambo ya mpaka, na maduka yalikuwa yamefungwa. Apige wapi? Ukisoma ujumbe ule kwa jicho la "ku", unaona kilometa 9, kilometa 2, nyumba na kliniki, na hakuna kinachokuambia gari liko upande gani wa njia. Inaweza kuwa wamekwenda kilometa 2 tu kuelekea kliniki na 9 zimebaki. Inaweza kuwa kinyume.

Mwenzetu hakusita. Alisema: "'From' ni nyuma yao, 'to' ni mbele yao. Tisa wamekwisha kuziacha, mbili ndizo zimebaki." Akampigia yule mama wa karibu na kliniki. Mama yule akamwamsha jirani mwenye gari dogo, wakaenda kuwachukua. Mtoto wa kike alizaliwa usiku uleule, ndani ya kliniki, mikononi mwa mkunga. Hatusemi kwamba neno moja la Kiingereza ndilo lililomwokoa. Mungu ana njia nyingi, na watu wema wako kila mahali. Tunasema tu kwamba kati ya namba mbili alichagua iliyofaa, na alijua kwa nini aliichagua.

Baada ya siku ile tuligawa makosa katika vikapu viwili, na tunawaomba ninyi nanyi mfanye hivyo.

Kikapu cha kwanza ni makosa yanayomfanya msikilizaji atabasamu, lakini anafika. Ukisema "My house is near of the church", Mzambia atakuelewa. Mwingereza wa London atakuelewa vilevile. Mtoto atapunguziwa pointi katika mtihani, lakini mgeni hatapotea. Makosa haya tunayasahihisha polepole, bila kuona haya. Hakuna mtu aliyezaliwa na lugha ya shule mdomoni.

Kikapu cha pili ni makosa yanayompeleka mtu mahali pengine. Hapo hakuna kutabasamu. Mzigo unashuka upande usiofaa, mgonjwa anangojwa penye kona nyingine, na nauli inalipwa mara mbili. Makosa haya tunayafukuza kwanza.

Tuanze na kikapu hiki cha pili, kwa sababu ndicho cha haraka.

"To" na "from" tumekwisha kuziona. Shikeni hivi: "from" ni mgongo, "to" ni uso. "From Likasi to Kolwezi" ni mtu aliyeipa Likasi mgongo na anaitazama Kolwezi. Shofere akikuuliza "How far is it to Kolwezi?" anauliza mbele yake kumebaki kiasi gani. Anahesabu mafuta yake. Akikuuliza "How far is it from Kolwezi?" anataka kujua umbali ulioko kati ya Kolwezi na mahali mlipo.

"As far as" maana yake ni mpaka pale, na pale ndipo mwisho. "I am going as far as Likasi": safari yangu inaishia Likasi. Mama anayepatana nauli ya mzigo aijue hii, maana mwenye kamyo akisema anakwenda "as far as Lubumbashi", unga wako hautafika Likasi kwa nauli hiyo.

"Past" maana yake umekwisha kulipita jambo. "The shop is past the bridge": duka liko mbele ya daraja, ukikwisha kuvuka. Si "at the bridge", penye daraja lenyewe. Na hapa kuna mtego unaotupata hata kwa Kiswahili: "kabla ya daraja" na "baada ya daraja" hayana maana kama hukusema mtu anatoka wapi. Anayetoka Lubumbashi na anayetoka Kolwezi wanafika kwenye daraja moja kutoka pande mbili, na "kabla" ya mmoja ni "baada" ya mwenzake. Kwa hiyo anzeni kila mara na "coming from". "Coming from Lubumbashi, my house is after the bridge, on the left." Sentensi hiyo moja inafaa kuandikwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya mkoba.

"On the road" na "off the road" ni maneno ya usalama. Kamyo iliyokufa "on the road" iko katikati ya njia, na usiku inaua watu. Iliyo "off the road" imetoka pembeni. Ukimwonya shofere, neno dogo lina uzito.

"Within" maana yake ni ndani ya umbali huo, si zaidi. Wakisema "within 5 kilometres of the clinic", wanataja watu wote wanaokaa kilometa 1, 2, 3, mpaka 5. Wakisema "5 kilometres from the clinic", wanataja mtu aliye kilometa 5 hasa. Karatasi za misaada na za chanjo zinapenda sana neno hili "within", na neno dogo linalolifuata ni "of". Mama anayekaa kilometa 3 asijitoe kwenye orodha kwa kudhani haimhusu.

Sasa kikapu cha kwanza, kile cha kutabasamu. Hapa tuna kanuni chache tu, na ukizishika umemaliza sehemu kubwa.

Kwanza: "far" anatembea na "from". "Kambove is not far from Likasi." Na wenyewe wanapenda kulitumia "far" katika ulizo au katika kukana. Wakitaka kusema tu kwamba mahali ni mbali, mara nyingi wanasema "It is a long way." Basi mgeni akikuuliza kama Kolwezi ni mbali, jibu zuri ni: "Yes, it is a long way from here."

Pili: "near" anasimama peke yake. "Near the market", "near the station", "near my house". Hahitaji "of", hahitaji "with", hahitaji "from". "Near to" utaisikia wakati mwingine, zaidi katika kulinganisha, kama "nearer to" au "nearest to". Lakini ukiwa na shaka, mwache peke yake. Ni mama anayepika bukari ya watu ishirini bila msaidizi.

Tatu: ndugu za "near" wanataka "to". "Close to the church", "next to the church". Lile tunalosema "pembeni ya", yaani ubavu kwa ubavu, ndilo "next to". "Close to" ni karibu tu, huenda nyumba mbili tatu ziko katikati.

Nne: namba haitangulizwi na neno dogo. Kifaransa kinasema "à 120 kilomètres de Lubumbashi", na mtoto anatafsiri kila kipande: "at 120 kilometres of". Kiingereza kinaondoa kile cha mbele na kubadilisha kile cha nyuma: "Likasi is about 120 kilometres from Lubumbashi." Mfano mwingine: "Shinkolobwe is about 20 kilometres from Likasi." Ni mfano ambao watoto wetu watauhitaji, kwa sababu wageni wanaouliza juu ya mahali hapo ni wengi. Uranimu ya mgodi ule ilitumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Ukipenda, weka "away": "120 kilometres away". Ukitaja mji baada yake, "from" inarudi.

Tano: "between" anaoana na "and", na "from" anaoana na "to". "The distance between Likasi and Lubumbashi", au "the distance from Likasi to Lubumbashi". Msichanganye ndoa hizo mbili. "Between Likasi to Lubumbashi" ni mume wa mtu na mke wa mwingine.

Sita: kitu cha kusafiria. Kiswahili kina "kwa" moja: kwa gari, kwa treni, kwa pikipiki, kwa miguu. Kiingereza kina "by car", "by train", "by motorbike", lakini miguu yako inachukua "on foot". Na ukitaka kupima umbali kwa muda, kama tunavyofanya sisi ambao hatuna saa ya kilometa, sema: "It is ten minutes' walk from the market" au "It is two hours by car from Lubumbashi". Ila angalia: "how far" ni umbali, "how long" ni muda au urefu. Mtu akiuliza "how long?" usimpe kilometa, mpe saa.

Saba: kufika. Sisi tunafika Likasi tu, bila neno katikati. Kwa Kiingereza, ukitumia "reach" ni vilevile: "We reached Likasi." Ukitumia "arrive", unahitaji neno dogo: "in" kwa mji, "at" kwa mahali kama mpaka, soko au lopitali. "We arrived at the border. We arrived in Likasi." "Arrive to" ni ya Kifaransa cha "à", iacheni.

Nane: neno lenyewe "distance". "Keep your distance from" tulilisikia sana mwaka 2020 wakati wa korona: kaa mbali na mwenzako. "At a distance" ni kwa umbali kidogo. "In the distance" ni kule mwisho wa macho. Mtu anayekuja mjini akiona mabomba ya moshi ya Shituru kwa mbali atasema ameyaona "in the distance".

Mtu atasema: hizi ni kanuni za kitabu, sisi wa kizazi cha zamani hazituhusu. Tunajibu kwa historia ya mji huu. Mpaka mwaka 1966 Likasi iliitwa Jadotville, na kwa jina hilo imeandikwa katika vitabu vya Kiingereza. Katika Septemba 1961 askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizungukwa hapa na jeshi la Katanga. Wenzao walijaribu kuja kuwasaidia toka upande wa Lubumbashi, ambayo wakati ule iliitwa Elisabethville. Walizuiwa penye daraja la mto Lufira. Msaada ulikuwa njiani, haukuwa mbali sana, na haukufika. Mwaka 2016 jambo hilo lilitengenezewa filamu ya Kiingereza, na vijana wetu wanaitazama kwenye simu zao. Kijana wa Likasi anatazama filamu juu ya mji wake na anashindwa kufuata nani alikuwa wapi, nani alikuwa kilometa ngapi kutoka kwa nani, nani alisimama "at the bridge" na nani alikuwa "on the way to Jadotville". Habari yetu inasimuliwa na wengine kwa lugha yao. Kama hatuwezi kuisoma, hatuwezi pia kusema pale ambapo hawakuisimulia sawasawa.

Tunajifunzaje? Wengi mmeuliza, kwa sababu hamna vitabu. Sisi pia tuna kimoja, na kurasa za mwisho zimetoka. Tunachora barabara chini, kwenye simenti ya uwanja, kwa kipande cha makala. Kolwezi kule, Likasi hapa, Lubumbashi pale, na Kasumbalesa karibu na mlango. Mama mmoja anabeba kikapu kichwani na kutembea juu ya mstari. Wengine wanauliza: "Where are you coming from? Where are you going to? How far are you from the border?" Anajibu akiwa anatembea, wala haruhusiwi kusimama. Anapovuka alama ya Lubumbashi, majibu yake lazima yabadilike, maana sasa Lubumbashi iko mgongoni.

Tumeona jambo moja katika mchezo huo. Wanaojibu haraka zaidi si wale waliosoma shule miaka mingi. Ni wale waliotembea barabara hiyo na magunia. Mmoja wetu aliacha shule ya msingi mwaka wa nne, na sasa anawafundisha wenye diploma tofauti ya "past" na "at". Aliijua tofauti hiyo siku nyingi kwa miguu yake. Kiingereza kimempa tu jina lake. Hilo limetufundisha kutowaambia wenzetu kwamba hawajui kitu. Mara nyingi jambo analijua, neno ndilo limekosekana.

Kuna waliosema katika mkutano wa mwezi uliopita kwamba kujifunza Kiingereza ni kudharau Kiswahili chetu. Tumewaza sana juu ya neno hilo, na hatulikubali. Kabla ya masomo haya hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza "ku" yetu inafanya kazi gani. Tulikuwa tunaitumia kama hewa. Sasa tunaijua: tunajua kwamba kwetu kitendo ndicho kinachoonyesha njia. Tumerudi nyumbani kwa kupitia mlango wa jirani.

Basi kwa juma hili tunawaachia kazi ndogo. Kila mama, pamoja na mtoto wake mmoja wa sekondari kama yupo, aandike sentensi tano juu ya nyumba yake mwenyewe. Moja yenye "near", bila kitu kingine. Moja yenye "far from". Moja yenye "next to". Moja yenye namba na "from". Na ya tano ianze na "Coming from", kama vile unamweleza shofere usiku kwa simu, na simu inakaribia kuzimika. Isomeni kwa sauti. Kisha mpeni karatasi mtu asiyeijua nyumba yenu, ajaribu kuifuata mpaka mlangoni. Akifika, sentensi ni nzuri. Akifika kwa jirani, rekebisheni neno dogo, na mwombeni radhi jirani.

Leteni karatasi zenu siku ya posho, saa nane mchana. Wasiojua kuandika waje vilevile, tutawaandikia wanaposema. Na anayekaa mbali na mahali tunapokutania, atuambie ni mbali kiasi gani, kutoka wapi, na kwa miguu au kwa gari, kusudi tupange nani atapita kumchukua.